Watoto 97 darasani na fimbo haisaidii tena, nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, kwetu Iringa, nimepangiwa shule ya msingi ya kijijini wilaya ya Tandahimba, nafundisha darasa la tano, watoto 97 chumba kimoja. Kelele haziishi. Mwanzoni nilikuwa nachapa wanatulia, saivi nachapa wanacheka. Tangu tufungue shule baada ya likizo ya mwezi wa sita kuna wavulana kama wanne wametoka jando, hao ndo kabisaa, ukimwambia mmoja afute ubao anakwambia yeye sio mtoto. Walimu wenzangu wananiambia nikaze mkono, nikiacha fimbo watanipanda kichwani. Naomba mbinu. Na je, nimwambie mwalimu mkuu au nitaonekana kazi imenishinda?"

Marahaba mwanangu, pole na kazi na karibu sana Kusini. Nitakujibu kwa urefu maana umeuliza mambo kama matatu ndani ya swali moja na kila moja lina dawa yake.

Kwanza hiyo 97. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo wewe una madarasa mawili na zaidi umeyafungia chumba kimoja, usijilinganishe na mwalimu wa shule ya mjini mwenye watoto 40 na kila mmoja ana kitabu chake. Ila kelele za watoto 97 hazitokani na wingi peke yake. Nimekaa sana nyuma ya madarasa ya huku, Lindi na Mtwara, nikifuatilia walimu na wanachuo wa mafunzo kwa vitendo, na unakuta shule moja, wingi uleule, watoto walewale, mwalimu huyu akiingia wanasikiliza, akitoka akaingia mwingine linakuwa soko. Watoto hawajabadilika hapo katikati.

Kuna mtafiti mmoja Mmarekani, Jacob Kounin, alirekodi madarasa kwa video akawa anataka kujua walimu wanaoliweza darasa wanafanya nini mtoto akishakosea, yani wanakemeaje, wanaadhibuje. Alichotoa mwaka 1970 kilimshangaza hata yeye, kwamba kwenye kukemea na kuadhibu walimu wazuri na wabaya hawakuwa na tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kabla kosa halijatokea. Wazuri walikuwa wanaona darasa zima muda wote na watoto wanajua wanaonwa, wanaweza kushughulika na mambo mawili kwa pamoja, na somo lao halikatikikatiki, kutoka kazi hii kwenda kazi ile hakuna mwanya. Kwa hiyo wewe unaniuliza ufanye nini wakishapiga kelele na mimi nakurudisha nyuma, nakuuliza kelele zinaanza saa ngapi?

Fanya hivi kesho. Andalio lako la somo liweke mezani na kalamu, kila kelele zinapopanda andika pembeni saa ngapi na wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo. Nakuhakikishia hutaandika "nilikuwa nafundisha" mara nyingi. Utaandika nilikuwa nagawa madaftari, nilikuwa naandika ubaoni, nilikuwa nasahihisha, nilikuwa natafuta chaki, nilikuwa nimesimama mlangoni naongea na mwalimu wa zamu. Muda ambao watoto hawana kitu cha kufanya na wewe hauwaangalii, hapo ndo kelele zinapozaliwa, na mtoto wa miaka kumi na moja akikaa dakika tano bila kazi amebanwa na wenzake wanne kwenye dawati la watatu hawezi kukaa kimya hata umchape vipi.

Nikupe mfano wa madaftari maana huo ndo ugonjwa mkubwa. Masasi nilimwangalia binti mmoja wa chuo, mzuri kabisa, sauti anayo, somo analijua. Akaingia na madaftari yamepangwa mpaka kidevuni, akayaweka mezani akaanza kuita jina moja moja. Anaita, mtoto anatoka nyuma kabisa, anaruka madawati, anamkanyaga mwenzie, anapokea, anarudi, huku jina lingine limeshaitwa. Alipofika katikati ya rundo darasa lilikuwa halishikiki tena, na yeye ameshapandisha sauti, na robo ya kipindi imeondoka hata tarehe haijaandikwa ubaoni. Tulichobadilisha ni kidogo sana. Madaftari yakusanywe kwa safu, yafungwe kwa safu kwa kamba ya katani au hata kitambaa, kila safu ina mtoto mmoja wa kugawa, na kabla hajaingia mwalimu mafungu yako tayari kwenye dawati la mbele la kila safu. Akiingia anakuta wanafungua. Na ubaoni kuna maswali mawili ya jana yanawasubiri, ameyaandika wakati wa mapumziko. Binti hakubadilisha sauti wala hakushika fimbo, ila dakika kumi za kwanza zilikuwa zake.

Ubao nao. Najua vitabu havitoshi na unalazimika kuwaandikia nukuu, lakini ukiwapa mgongo robo saa nzima umewaruhusu wafanye wanachotaka. Andika mapema kama chumba kiko wazi. Kama haiwezekani andika mistari miwili mitatu, geuka, uliza swali, endelea. Simama upande ili jicho moja libaki kwao. Kuna watoto wana mwandiko mzuri kukuzidi hata wewe (usikasirike, wengine tunao mwandiko wa daktari), mpe mmoja chaki aandike kutoka kwenye kitabu huku wewe unatembea katikati ya safu. Tembea sana. Mwalimu anayefundishia mezani kwa watoto 97 anafundisha safu mbili za mbele, wengine wote ni watazamaji, na mtazamaji akichoka anaanzisha mchezo wake.

Na ukiuliza swali usimkimbilie anayepiga vidole "mimi mwalimu mimi mwalimu". Mary Budd Rowe, naye Mmarekani, alipima miaka ya sabini akakuta walimu wengi wakishauliza hawasubiri hata sekunde moja na nusu. Hesabu mpaka tatu kimoyomoyo. Utaona mikono inanyooka kutoka sehemu ambazo hukuzitegemea, na wale wa nyuma wakijua wanaweza kuulizwa muda wowote hawana nafasi ya kupiga soga.

Kitu kingine, naomba uache leo leo, ile orodha ya wapiga kelele anayoandika monita. Sote tumekua nayo lakini haifai. Monita anaandika maadui zake anaacha rafiki zake, msimu wa maembe anahongwa maembe, na wewe ukija unachapa watu kwa ushahidi wa mtoto mwenzao. Halafu yule ambaye hakupiga kelele na akachapwa, kesho atapiga kwa makusudi, manake fimbo ameshailipia. Monita mpe kazi ya maana, ahesabu madaftari, ajue nani hajaja, aanzishe zoezi la ubaoni kama umechelewa.

Sasa sheria za darasa. Ukuta mwingi nimeuona una manila imeandikwa sheria kumi na tano, zote zinaanza na "usi". Hazisomwi. Weka tatu tu na ziseme mtoto afanye nini: tunanyoosha mkono kabla ya kusema, tunabaki kwenye dawati letu mpaka tumeruhusiwa, mwalimu akitoa alama ya kunyamaza sote tunanyamaza. Halafu zifundishe kama unavyofundisha Hisabati, yani fanyeni mazoezi. Toka nje nao, ingieni upya, mkikosea rudieni huku mnacheka. Wiki moja ya hivyo utaona umepoteza muda ila utaurudisha wote mpaka Desemba. Alama ya kunyamaza nakushauri iwe mdundo, huku watoto ngoma iko damuni. Wewe unagonga meza mwanzo wa mdundo wa sindimba wao wanamalizia kwa makofi, kofi la mwisho likilia mikono juu ya dawati na kimya. Mdundo nimesema, sio kiuno, wakianza kukatika hapo umeshalikosa tena darasa.

Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, Madsen, Becker na Thomas, walijaribu jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Waliweka sheria peke yake darasani, tabia haikubadilika kitu cha maana. Mwalimu alipoanza kusifia anayefanya vizuri na kuyapuuza makosa madogo, ndo ikabadilika. Sasa jisikilize wewe mwenyewe kipindi kimoja, unataja majina ya nani? Kwa asilimia kubwa ni yale yale ya watukutu. Mtoto wa dawati la tatu ambaye hajawahi kukusumbua hujui hata anaitwa nani, na watoto wanajifunza haraka kwamba ili mwalimu akujue lazima umsumbue. Geuza. Ila sifa isiwe "safi sana, makofi ya kilo" kila saa, hiyo inachuja mpaka haina ladha. Sema ulichokiona: safu ya dirishani mmefungua madaftari kabla sijasema, asanteni. Basi, inatosha, na utaona safu ya pili inafungua.

Ukishazoea hayo ongeza mchezo. Huu ulijaribiwa darasa la nne huko Kansas, Marekani, ukachapishwa mwaka 1969, na kwa uzoefu wangu unafanya kazi hata kwa sisi tusio na zawadi za kununua. Gawa darasa makundi, wewe na watu wako 97 fanya kwa safu. Waambie kwa nusu saa hii, kila safu ikiwa na mtu anaropoka au anatoka kwenye dawati bila ruhusa natia kistari kimoja ubaoni kwa safu yenu. Bila kugomba, unatia tu kistari unaendelea kufundisha. Mwisho wa nusu saa kila safu yenye vistari visivyozidi vitano imeshinda, ziwe zote au moja. Zawadi ni kutoka kwanza mapumzikoni, kupanga foleni ya uji mbele, kuchagua wimbo wa kufungia siku. Hakuna hela hapo. Angalizo moja, kama kuna mtoto anaharibu makusudi ili safu yake ishindwe, usiiache safu imshambulie, mtoe umfanye kundi lake peke yake, ataona haina raha.

Nije kwenye fimbo maana najua walimu wenzako watakusumbua. Sikwambii maneno ya semina, nakwambia sheria inavyosema. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu kiboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila mara iandikwe kwenye daftari maalumu. Sasa jiulize, kuongea darasani ni kosa kubwa? Una barua ya mwalimu mkuu ya kukuteua? Kama huna, kila siku ukitembea na fimbo kwapani unatembea na kesi, na siku mtoto akiumia hao wanaokwambia ukaze mkono hutawaona polisi. Mwaka 2018 Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano, darasa kama lako, alifariki baada ya kipigo cha mwalimu na mwaka uliofuata mwalimu akahukumiwa kunyongwa. Na umeshasema mwenyewe saivi wanacheka. Hilo darasa limeshaizoea fimbo, ukiongeza utaongeza mpaka wapi?

Usiiache kwa kutangaza lakini. Ukisimama mbele ukasema kuanzia leo sichapi, wiki hiyo watakujaribu mpaka ulie. Anza na madaftari, ubao na ule mdundo, fimbo acha ofisini, wenyewe watakuja kugundua siku haipo.

Haya, vijana wa jando. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe ni mgeni na mimi ni mtu wa huku huku. Huyo mtoto wa miaka kumi na miwili likizo ya mwezi wa sita alikuwa kumbini, yani kambi ya jando. Ametoka amepigiwa ngoma, kavaa nguo mpya, ametunzwa hela, ndugu wametoka mpaka Mtwara mjini na Dar kuja kumcheza, kijiji kizima kimemwambia kuanzia leo wewe sio mtoto. Wengi wanapewa na jina jipya, na kumwita kwa jina lake la utotoni ni kumtukana. Halafu Jumatatu anaingia darasani, wewe dada wa kutoka mbali unamwita kwa jina lile la zamani mbele ya wasichana na kumwambia piga magoti. Mwanangu, hapo hagombani na wewe, anatetea kitu alichopewa na ukoo mzima, na wenzake watatu wanamwangalia kama atakitetea au la.

Kwa hiyo usipigane naye mbele za watu, hilo pambano hulishindi hata ukishinda. Mwite pembeni, kipindi kimeisha, msimame wote wawili, sauti ya chini. Muulize anapenda aitwe nani (kwenye daftari la mahudhurio jina linabaki lile lililosajiliwa, lakini mdomoni unaweza kumwita analotaka). Mwambie nimesikia umetoka kumbini, hongera. Usiulize walifanya nini huko, hayo hayaulizwi na hasa na mwanamke, na usije ukayatania darasani hata kwa kucheka. Halafu mwambie shida yako kama unavyomwambia mtu mzima: nina watu wengi mle ndani, nahitaji mtu wa kunishikia safu ya nyuma, madaftari na watoto wadogo wasikanyagane wakati wa kutoka, unaweza? Utashangaa. Nimemwona mmoja wa hivyo hivyo, Newala, alikuwa anashinda anagombana na mwalimu wake, akakabidhiwa ufunguo wa darasa. Asubuhi anafika wa kwanza, anafungua, anasimama mlangoni kama askari, mtoto akija na mabibo mfukoni yanachuruza anamrudisha akanawe. Mwalimu wake alibaki anacheka tu.

Lakini kufuta ubao asisamehewe. Ukimsamehe umewaambia wasichana na wale ambao hawajaenda jando kwamba hizo ni kazi zao, na hilo litakusumbua mpaka mwisho wa mwaka. Weka zamu ya safu kwa safu, imeandikwa ukutani, kila mtu yumo, na siku ya kwanza futa wewe mwenyewe mbele yao kimya kimya. Ikiwa ni zamu, ni zamu, haina utoto wala ukubwa. Akigoma siku hiyo usibishane, pita endelea na somo, muongee baada ya kipindi.

Ikifika wiki tatu hajabadilika ndo unatumia wazee. Sio kumwita mzazi shuleni kwa barua ya vitisho, hapana. Muulize mwenyekiti wa kitongoji nani alimlea yule kijana kumbini, umsalimie, umwombe kwa adabu amkumbushe kijana heshima kwa walimu. Huko kumbini heshima kwa wakubwa imeimbwa sana, na neno moja la yule mzee litafika mahali ambapo la mwalimu mkuu halifiki.

Nawe usiwasahau wasichana waliotoka unyago. Hao mara nyingi hawapigi kelele, wananyamaza ghafla, wanakaa nyuma, hawanyooshi mkono, na mwalimu anashukuru amepata watoto watulivu. Kimya hicho sio nidhamu. Mpe swali dogo analoliweza, mwombe asome kwa sauti na mwenzie. Ukisikia habari za mchumba au ameanza kukosa shule bila sababu, hilo limetoka kwenye mambo ya usimamizi wa darasa, mpelekee mwalimu wa unasihi na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

Korosho zinakuja pia, jiandae. Oktoba mpaka Desemba utaona viti vitupu, watoto wako mashambani wanaokota, na wakirudi hawajui mmefika wapi, na mtoto asiyeelewa kinachoendelea ndo mpiga kelele wa kwanza. Kumchapa kwa utoro aliotumwa na mama yake haina faida. Mpe mwenzie wa dawati amwoneshe kazi za siku alizokosa, na dakika tano za mwanzo za kipindi rudia jambo moja la nyuma kwa ajili ya hao.

Mwisho umeuliza kuhusu mwalimu mkuu. Mwambie, lakini usiende na "darasa limenishinda". Nenda na ile karatasi uliyoandika saa za kelele, ukiwa umeshajaribu la madaftari kwa wiki mbili, na uwe na ombi linalowezekana. Kwa mfano Hisabati ihamishwe asubuhi, maana saa saba mchana watoto hawajala, bati limewaka, hata wewe huwezi kukokotoa. Au mwalimu wa Michezo akuchukulie nusu ya darasa kwa vipindi viwili vya wiki wewe ubaki na wanaosoma kwa shida. Omba pia mada hii iingizwe kwenye vikao vyenu vya MEWAKA (yale mafunzo endelevu ya walimu kazini), na umwombe yule mwalimu ambaye watoto wanamsikiliza, lazima yupo mmoja hapo shuleni, ukae nyuma ya darasa lake kipindi kizima. Usiangalie anakemeaje. Angalia anaingiaje na anagawaje madaftari.